Fundi Tujibu: tairi za winta za gari dogo, saizi ipi inaruhusiwa na ipi uiache

Kila Oktoba ikifika maswali yanamiminika kutoka kwa ndugu zetu walio Ujerumani, Canada na kwingine kwenye baridi kali, na mwaka huu karibu wote mnauliza kitu kimoja, saizi ya tairi. Nimefurahi sana maana huko kwenye magrupu watu wanabishana kampuni gani kali na bei ipi poa, saizi inarukwa tu, wakati saizi ndio ya kwanza, ukikosea hapo hata ununue tairi ya bei gani umeshakosea. Nimechukua barua tano. Ya kwanza nitaijibu kwa kirefu kwa sababu ndani yake kuna maswali ya wengi.

Fundi shikamoo. Niko Kassel, nina VW Polo ya 2012, niliinunua mwezi wa sita ikiwa na tairi za summer 215/45 R16. Sasa kuna jamaa anauza tairi nne za winta 185/65 R15, tairi tupu bila rimu, euro 80 zote nne, anasema rimu yoyote ya 15 zinaingia, mi nitafute za chuma tu. Rafiki yangu yeye ananiambia nisitoke kwenye 16 sababu gari imeshazoea. Nani yuko sahihi?

Marahaba kijana wangu. Hakuna aliye sahihi hapo, na nitakuonyesha kwa hesabu ili kesho usimtegemee mtu.

Chukua kalamu. Kwenye saizi kama 185/60 R15, hiyo 185 ni upana wa tairi kwa milimita, 60 ni asilimia, yaani kimo cha ukuta wa tairi ni asilimia 60 ya upana, R ni radial, namna tairi lilivyofumwa ndani, na 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Inchi moja ni milimita 25.4. Haya, tairi zako za summer 215/45 R16: asilimia 45 ya 215 ni karibu 97, ukuta uko juu na chini kwa hiyo zidisha mara mbili unapata 193.5, ongeza rimu ya inchi 16 ambayo ni 406, jumla milimita 600. Fanya hivyo hivyo kwa 185/60 R15, ni 222 na 381, jumla 603. Na 175/70 R14 ni 245 na 356, jumla 601. Umeona? Hizo tatu ni miongoni mwa saizi ambazo Polo ya umri huo inavaa kulingana na injini, rimu ni tofauti, upana ni tofauti, lakini kimo cha gurudumu zima ni kile kile, na ndivyo wahandisi wanavyotaka, rimu ikipungua ukuta unaongezeka. Kwa hiyo huyo rafiki yako anayesema gari imezoea 16, mwambie gari imezoea milimita 600 na kitu, si inchi 16.

Sasa 185/65 R15 za jamaa: ukuta 120.25, mara mbili 240.5, ongeza 381, jumla 621.5. Karibu sentimita mbili zaidi! Namba iliyobadilika ni moja tu, 60 imekuwa 65, ndio maana watu wengi wanaingia mkenge. Kwenye rimu ya 15 zitaingia kweli, hilo jamaa hajadanganya, ila swali halikuwa rimu, swali ni gari. Tairi likiwa kubwa kwa asilimia 3 kila mzunguko wake unakula barabara zaidi kuliko mshale wa spidi unavyojua, mshale unasema 100 gari inaweza kuwa 103, na sheria ya Ulaya inataka mshale usionyeshe chini ya spidi halisi hata siku moja. Halafu ukikata kona usukani ukiwa mwisho, na theluji imejazana kwenye madigadi, tairi linaanza kusugua. Na kubwa kuliko yote, saizi isiyo kwenye karatasi za gari Ujerumani inaweza kukufutia kibali cha gari kutembea barabarani, ukaguzi wa gari, ule wa TÜV, hupiti, na siku ya ajali bima wanaanza kuuliza maswali. Euro 80 inageuka kuwa pesa ndefu sana.

Karatasi zenyewe ni hizi. Kwenye Fahrzeugschein yako, yaani kadi ya gari, angalia sehemu ya 15.1, hiyo ni saizi ya mbele, na 15.2 ya nyuma. Pale utakuta saizi moja tu, na watu wengi wanaishia hapo wakidhani ndio pekee inayoruhusiwa. Hapana. Orodha kamili ya saizi zote ambazo kiwanda kimeziruhusu iko kwenye karatasi nyingine inaitwa COC, uliipewa au ulitakiwa kupewa wakati wa kununua gari, na kama aliyekuuzia aliipoteza nenda kwa wakala wa Volkswagen na namba ya chesisi watakwambia. Usinunue hata tairi moja kabla ya kuiona hiyo orodha. Nazungumza kwa msisitizo kwa sababu gari mbili za jina moja na mwaka mmoja zinaweza kutofautiana, yenye injini kubwa ina breki kubwa na rimu ya 14 inagonga breki, haiingii kabisa.

Ukishaiona orodha, ushauri wangu: kwa winta shuka. Chagua rimu ndogo na tairi jembamba kati ya zile zinazoruhusiwa. Tairi jembamba linakandamiza kwa nguvu zaidi mahali padogo, kwenye theluji laini na lile tope la theluji iliyoanza kuyeyuka linapenya mpaka chini badala ya kuelea juu kama mtumbwi. Ukuta wake mrefu unavumilia zaidi ukigonga ukingo wa barabara uliofunikwa na theluji au ukiingia kwenye shimo. Na kitabu cha gari kinataja saizi zinazoruhusiwa kufungwa minyororo, mara nyingi ni hizo nyembamba, kama unapanda milimani wikendi hilo ni jambo kubwa. Bei nayo inashuka. Unachopoteza ni kidogo, kwenye lami kavu tairi pana linakuwa kali zaidi kwenye kona. Kwa mtu wa Kassel anayetembea mjini na mara moja moja Autobahn, mimi ningefunga 185/60 R15, na kama injini yako ni ile ndogo na COC inakubali, 175/70 R14 ni nzuri vilevile na inaweza kuwa rahisi zaidi mfukoni.

Rimu za chuma nazo usichukue tu kwa sababu ni 15. Polo yako ina bolti tano kwenye duara la milimita 100, inaandikwa 5x100, na tundu la katikati ni 57.1. Golf ya tano ina bolti tano pia na tundu ni hilo hilo ila duara ni 112, macho yanakudanganya lakini haifungi. Kuna na namba inaitwa ET, inasema rimu inakaa ndani kiasi gani au inatokeza nje kiasi gani, hiyo lazima ilingane na ya kwenye karatasi. Uliza pia kama bolti za rimu zako za alumini ndizo hizo hizo zinakubali kwenye za chuma, sio zote zinafanana urefu na umbo pale zinapokalia. Zikishafungwa kwa 120 Nm, hicho ni kipimo cha nguvu ya kukaza, tembea kama kilomita 50 halafu kaza tena.

Mwisho kuhusu hizo euro 80, hata zingekuwa saizi sahihi ungeangalia ubavuni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT, 3521 maana yake wiki ya 35 mwaka 2021. Kisha alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Tangu Oktoba 2024 Ujerumani haitambui tena tairi lenye M+S peke yake kuwa la winta, lazima mlima na theluji uwepo, na stoo za watu bado zimejaa zile za zamani, ndizo zinazouzwa rahisi. Kashata, yaani kimo cha meno ya tairi, sheria inasema 1.6 mm lakini chini ya 4 mm tairi la winta limeshaisha kazi yake kwenye theluji, na ukivuka kwenda Austria hiyo 4 mm ndio sheria yenyewe.

Habari fundi. Nipo München na VW up! ndogo, tairi 165/70 R14. Fundi mmoja Mswahili mwenzetu kaniambia kwa kuwa gari inavuta mbele nifunge mbili za winta mbele tu, nyuma ziendelee za summer, nitaokoa hela. Na amepata mbili za 175/65 R14. Nifanyeje, mimi ni mama wa watoto wawili na nawapeleka shule kila siku.

Dada yangu, usikubali, na nakuomba sana. Mbele itashika, nyuma itateleza. Ukikanyaga breki kwenye kona ya barafu mbele inapunguza spidi nyuma inataka kukupita, gari inazunguka na unakuwa abiria kwenye gari yako mwenyewe. Watu wanadhani tairi la winta ni la kuvuta, kutoka kwenye theluji asubuhi, kumbe kazi yake kubwa ni kusimama na kukata kona, na kwenye hizo kazi magurudumu yote manne yanafanya kazi. Sheria ya Ujerumani haitaji tarehe, inasema barabara ikiwa na theluji, barafu au utelezi wa baridi uwe na tairi za winta, ukikamatwa bila ni euro 60 na pointi moja.

Kuhusu saizi: 165/70 R14 ni milimita 231 na 356, jumla 587. 175/65 R14 ni 227.5 na 356, jumla 583. Kimo kinakaribiana, ndio maana fundi anaona sawa, lakini kukaribiana kimo hakutoshi, saizi lazima iwe kwenye orodha ya gari yako, na mbele na nyuma za gari hii zinatakiwa saizi moja. Tairi nne, saizi moja, aina moja, umri unaokaribiana. Kama mbili zina kashata nyingi kuliko nyingine weka hizo nzuri nyuma, hata kama gari inavuta mbele. Najua inasikika kinyume, ila mbele ikiteleza unaweza kuachia mafuta ikarudi, nyuma ikiteleza dereva wa kawaida hana muda.

Kama pesa ni tatizo kweli, na mwanzo wa maisha ugenini najua pesa ni tatizo, afadhali tairi nne za misimu yote zenye ile alama ya mlima na theluji kuliko mbili za winta. Kwa München naona winta kamili ni bora, theluji huko si mchezo, ila nne za misimu yote kwa saizi sahihi ni halali na zinashinda mchanganyiko huo mara kumi.

Fundi, Yaris ya 2016, Hamburg. Kwenye karatasi imeandikwa 175/65 R15 84H, nimepata za winta 175/65 R15 84T, zinafaa? Spidi ya mwisho kwenye kadi ni 175. Na winta iliyopita nilivyofunga seti ya rimu za mtumba taa ya upepo iliwaka mpaka Aprili.

Zinafaa. Hiyo 84 ni uzito, tairi moja linabeba kilo 500, hiyo haishuki hata kidogo, ukiona 82 ambayo ni kilo 475 iache. Herufi ni spidi: Q ni 160, S ni 180, T ni 190, H ni 210. Kwa tairi za winta sheria inakuruhusu kushuka herufi, na kama herufi iko chini ya spidi ya mwisho ya gari unabandika stika mbele ya macho ya dereva inayosema usivuke kiasi gani. Gari yako mwisho 175, T ni 190, hata stika huhitaji.

Taa ya upepo: magari mapya Ulaya tangu Novemba 2014 lazima yapime upepo wa tairi. Mengine yanapima kwa kuhesabu mizunguko kupitia ABS, hayo unaseti upya tu. Mengine yana sensa ndani ya kila rimu kwenye vali, na kwa taa kuwaka miezi yote hiyo inaonyesha yako ni ya hivyo na rimu za mtumba hazikuwa na sensa, au zilikuwa nazo lakini gari halizijui. Sensa zifungwe na fundi azisajili kwenye gari. Usiizoee hiyo taa, TÜV wanaiandika kasoro, na baridini upepo unashuka wenyewe, takriban bar 0.1 kwa kila nyuzi 10 za joto zinazopungua, kwa hiyo ndio wakati unaihitaji zaidi.

Jambo fundi, mimi ni Mrundi niko Gatineau, Québec. Nina Toyota Yaris SE ya 2014 yenye 195/50 R16. Kule kwenu Ulaya mnasema COC, hapa hatuna. Nijue vipi saizi? Na lazima lini?

Karibu ndugu. Kwenu fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo ya gari kuna stika ina saizi ya kiwanda na upepo wake, kitabu cha gari kinakamilisha mengine. Yaris ya kawaida ya umri huo inavaa 175/65 R15. Piga hesabu: yako ni 195 na 406, jumla 601, ya 15 ni 227.5 na 381, jumla 608.5, tofauti kama asilimia 1 na robo, mafundi wengi hawavuki asilimia 3 kwa hiyo uko ndani. Ila hiyo SE yako ina breki za diski nyuma tofauti na ndugu zake, kabla ya kulipa mwambie muuzaji aijaribishe rimu moja mbele na moja nyuma, azungushe kwa mkono, aone haigusi. Bolti ni 4x100, tundu la katikati 54.1.

Sheria ya Québec iko wazi kuliko ya Ujerumani, ni kutoka 1 Desemba mpaka 15 Machi, iwe theluji ipo au haipo, faini dola 200 mpaka 300. Alama ya mlima na theluji ni lazima, au tairi za misumari ambazo zinaruhusiwa kutoka 15 Oktoba mpaka 1 Mei. Usingoje wiki ya mwisho ya Novemba, zile saizi ndogo za 15 huwa zinaisha mapema na unajikuta unasukumiwa 185/65 kwa sababu "ni zile zile", wewe sasa unajua si zile zile.

Habari za kazi. Mimi niko Dar, Kimara, sina habari na theluji ila nimeagiza Vitz kutoka Japani imekuja na tairi 165/70 R14 81Q, zina vikato vidogo vidogo kila mahali na kashata bado nzima kabisa. Fundi wa hapa ananiambia hizo ni tairi za baridi nizitoe, mwingine anasema zinashika kuliko kawaida nizitumie. Nizitoe kweli, mpya hivi?

Huyo wa kwanza ni fundi mzuri, mshike huyo. Hiyo Q ndio imekupa jibu, tairi za theluji za Japani nyingi zina Q, na vile vikato vidogo ni vya kuuma barafu. Saizi ni sahihi kabisa kwa Vitz, na hapo ndipo mtego ulipo, saizi inaweza kuwa sahihi na tairi bado likawa si la kwako. Mpira wake umechanganywa uwe laini hata kwenye baridi ya chini ya sifuri, sasa wewe unautembeza kwenye lami ya Morogoro Road saa saba mchana, unakuwa laini kupita kiasi, kashata zinapindapinda, gari inachelewa kusimama, kwenye kona inayumba, na hizo kashata unazoziona nzima zitayeyuka ndani ya muda mfupi. Unahisi zinashika kwa sababu unatembea taratibu mjini. Siku unaenda Dodoma na watu wanne na mizigo, spidi 100, joto linajikusanya ndani ya tairi, hapo ndio hatari.

Zitoe, funga 165/70 R14 za kawaida, uzito 81 au zaidi, herufi S au T. Angalia zile tarakimu nne za mwaka kabla hujalipa maana Kariakoo utauziwa tairi "mpya" iliyokaa stoo miaka. Hizo za zamani usimuuzie mwenye teksi, mwambie fundi azichukue za kukata mpira wa katambuga au vitanzi vya mizigo. Na kabla hujaondoka pale fungua buti, kama gari ilikuja na spea kubwa angalia nayo ubavuni, kama ni Q ileile ibadilishe siku hiyo hiyo.